Mimea ya asili inakufia kwenye tuta kavu la jua kali? Tafuta chanzo kabla ya kushika mpira wa maji

Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, nyumba mpya zimeota kila kona ya mji, na mbele ya nyumba nyingi kuna mtu anahangaika na tuta la maua. Wengi wametoka Dar es Salaam na wamekuja na mkono wa Dar: maji asubuhi na jioni, kupanda mwezi wowote, samadi kwa toroli. Dar hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, katika misimu miwili, na hata mvua isiponyesha hewa yake ina unyevu wa bahari. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hupata karibu nusu ya mvua hiyo, na karibu yote hushuka kati ya mwisho wa Novemba na Aprili. Miezi inayobaki ni jua, upepo na vumbi.

Mwenye nyumba akishazika miche ya kutosha, anashauriwa ahamie kwenye mimea ya kudumu ya asili, yaani ile inayoishi miaka mingi na ambayo huota yenyewe kwenye nyika zetu: mishubiri ya porini, waridi la jangwa, mkonge pori (Sansevieria, si ule wa mashambani), kivumbasi. Ushauri ni mzuri. Lakini baada ya miezi kadhaa swali linarudi: mbona na hii imekufa, si mlisema inavumilia ukame? Inavumilia, tena sana. Kinachoishinda ni kubembelezwa. Nikiitwa kuangalia tuta la namna hii, mara nyingi zaidi nakuta mmea umezama kuliko mmea wenye kiu.

Haya ndiyo matatizo ninayokutana nayo, kuanzia dalili hadi chanzo. Mifano ni ya Dodoma, ila mtu wa Singida, Manyara, Makueni au Kajiado atajikuta humu.

Kwanza chimba

Jani lenye kiu na jani ambalo mizizi yake imeoza hufanana kabisa: yote mawili hulegea, hugeuka njano na kudondoka. Ukiangalia juu tu utakosea. Chukua kijiti kikavu, kichomeke ardhini pembeni ya mmea hadi urefu wa kiganja, kiache dakika chache, kisha kichomoe. Kikitoka kikavu na vumbi linapukutika, mmea una kiu au umelala. Kikitoka na udongo ulioganda na ubaridi, weka mpira chini. Maji si tatizo lako. Kikitoka na harufu ya tope bovu, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya kuoza.

Jiulize pia dalili zimeanza mwezi gani, na zimeanzia upande gani wa tuta. Mimea iliyo karibu na ukuta pekee ikiumwa, huo ni ugonjwa wa ukuta. Ikiumwa ile iliyo chini ya mdomo wa bati, huo ni wa maji ya paa.

Mmea umedondosha majani yote mwezi Juni au Julai

Hapa ndipo watu wanang'oa mimea mizima na kuitupa. Waridi la jangwa (Adenium obesum, wauzaji wa miche huliita dezati rozi) hudondosha majani kiangazi kikikolea na usiku ukianza kuwa na baridi, nalo hubaki shina tupu lenye tumbo chini. Limelala. Bonyeza shina kwa dole gumba: likiwa gumu kama kiazi kibichi, liko salama. Likiwa limenywea kidogo lakini bado gumu, linatumia akiba yake, na hilo ndilo tumbo lake linafanya. Likibonyea kama papai lililoiva kupita kiasi, linaoza.

Kwenye vichaka kama kivumbasi, kwaruza gamba la tawi kwa ukucha. Ukiona kijani chini yake, tawi ni hai. Ukiona kahawia, shuka chini zaidi na ukwaruze tena, maana mara nyingi juu kumekufa na karibu na ardhi kuko hai. Katia hapo hapo penye kijani kisha subiri mvua.

Kundi la tatu linapotea kabisa. Gloriosa superba, ule mmea unaotambaa wenye maua mekundu na manjano yaliyojikunja kama ndimi za moto, hukauka hadi ardhini mvua zikiisha na kuacha viazi vyake chini. Scadoxus multiflorus, lenye ua jekundu la duara kama mpira wa nyuzi, hufanya hivyo hivyo. Mvua za kwanza zikigonga ardhi, ua huchomoza hata kabla ya majani. Mwenye nyumba asiyejua anaona nafasi tupu, anapanda kitu kingine juu yake, na jembe linakata kiazi katikati. Dawa ni rahisi mno: chomeka kigingi siku unayopanda, na usikiondoe.

Kosa kubwa zaidi la msimu huu ni kumwagilia mmea uliolala ili uamke. Hauna majani ya kuvuta maji hayo. Mizizi inakaa kwenye unyevu na baridi, na Novemba ikifika hakuna cha kuamka.

Majani njano, shina laini, udongo una maji

Huu ni uozo, na ndio muuaji mkuu. Chanzo chake kina sura tatu, na inabidi ujue ni ipi iliyokupata.

Ya kwanza ni ratiba ya maji. Kunyunyiza kidogo kila jioni ni tabia iliyotoka kwenye nyasi za kapeti, na kwa mishubiri na waridi la jangwa ni sumu ya polepole. Sentimita tano za juu hazikauki, shingo ya mmea haipumui, na mizizi haina sababu ya kwenda chini. Mimea hii hutaka maji mengi kwa mkupuo, kisha ukame wa kweli. Katika kiangazi chake cha kwanza, mshubiri unatosheka na maji mara moja kila wiki mbili au tatu. Kivumbasi kinataka kama ndoo ndogo ya lita 10 kwa wiki, imwagwe taratibu hadi izame. Kiangazi cha pili, mshubiri na mkonge pori uviache na Mungu wao.

Ya pili ni udongo. Dodoma ina udongo mwekundu wa kichanga, ambao ni rafiki, na ina udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi hadi kidole kinaingia kwenye ufa na kugeuka gundi masika. Pima: chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, yaache yaishe, lijaze tena. Kama baada ya muda wa saa nne bado kuna maji, usipande mmea wowote wa tumbo hapo ardhini. Inua tuta sentimita 30 au 40 kwa udongo mwekundu uliochanganywa na mchanga mnene wa mtoni na changarawe. Na usichimbe shimo kwenye mbuga ukalijaza mchanga ukidhani umemaliza kazi. Umetengeneza bakuli, na masika yote maji yatakusanyika humo.

Ya tatu ni kina. Fundi bustani akipanda anapenda kushindilia mmea ndani ili "usimame vizuri". Tumbo la waridi la jangwa linatakiwa lionekane, angalau nusu yake. Majani ya chini ya mshubiri yasiguse udongo uliolowa. Kama yamefukiwa, fukua leo.

Waridi la jangwa lililoanza kuoza linaweza kuokolewa ukiwahi. Ling'oe, lioshe, kisha kata sehemu laini kwa kisu kikali kilichofutwa kwa spiriti. Endelea kukata vipande vyembamba hadi nyama yote iliyobaki iwe nyeupe bila doa la kahawia. Doa moja dogo ukilionea huruma, uozo utaendelea. Liache kivulini, mahali pa hewa, wiki moja au zaidi hadi jeraha likauke na kukaza. Wengine hupaka unga wa mkaa. Sina ugomvi nao, lakini kinachoponya ni kule kukauka. Lirudishe kwenye mchanga mkavu, na usimwagilie hadi uone majani mapya. Vaa glavu: utomvu wa mmea huu ulitumiwa na wawindaji wa Afrika Mashariki kutia sumu kwenye mishale, kwa hiyo si wa kushika kisha ukapangusa jicho.

Mshubiri umegeuka mwekundu, au una mabaka meupe

Hizi ni dalili mbili tofauti ingawa zote zinatokana na jua. Mshubiri kuwa mwekundu au wa kahawia kote, majani yakiwa yamejikunja kidogo kuelekea ndani, ni kinga yake kwenye jua kali na ukame. Ukinyeshewa unarudi kijani. Usifanye chochote.

Mabaka meupe au ya rangi ya karatasi, makavu, upande mmoja tu, kwa kawaida ule unaotazama magharibi, ni kuungua. Mche ulilelewa chini ya neti ya kivuli kitaluni, ukatolewa na kupandwa siku hiyo hiyo kwenye jua la saa nane. Jani lililoungua halirudi. Linaachwa lizeeke lenyewe. Mche mpya uzoeshe: wiki ya kwanza jua la asubuhi tu, wiki ya pili hadi mchana, wiki ya tatu uachie. Kama umeshapanda na huwezi kuhamisha, chomeka matawi yenye majani makavu upande wa magharibi. Yatapukutika yenyewe kadiri mmea unavyozoea.

Ukuta mweupe na vitofali vya pevingi huongeza joto kuliko watu wanavyodhani. Nimeona tuta lenye upana wa mita moja kati ya ukuta na pevingi ambapo kila kitu kilibabuka isipokuwa mkonge pori. Mahali pa namna hiyo usishindane napo. Panda mkonge pori.

Majani machanga yanageuka njano, mishipa inabaki kijani

Angalia ni majani gani. Ya zamani, ya chini, yakigeuka njano polepole, huo ni uzee au upungufu mdogo wa naitrojeni, na mimea hii haijali. Yale machanga ya juu yakiwa njano huku mishipa imechorwa kijani, mmea unakosa madini ya chuma. Si kwamba hayamo ardhini, udongo wetu ni mwekundu kwa sababu ya chuma hicho hicho. Yamefungwa na chokaa.

Kwenye nyumba mpya chokaa hiyo ina asili inayojulikana: kifusi. Mafundi wakimaliza kazi, mabaki ya zege, plasta na mifuko ya saruji iliyomwagika husawazishwa pembeni ya msingi, kisha toroli mbili za udongo mzuri humwagwa juu na kuitwa bustani. Chukua sururu, chimba nusu mita kutoka ukutani. Ukikuta mabonge ya kijivu, umepata jibu. Pentas (Pentas lanceolata), ambayo ni ya asili huku Afrika Mashariki na inapendwa sana na vipepeo, huonyesha ugonjwa huu mapema kuliko mingine. Mbolea ya chuma ya kunyunyiza kwenye majani hurudisha rangi, lakini kwa muda tu. Toa kifusi hadi kina cha sentimita 40 au 50, jaza udongo mpya, au uhamishe pentas mbali na ukuta, mahali penye kivuli cha alasiri, maana jua la kutwa nzima la Dodoma linaichosha hata bila kifusi.

Ncha za majani zimeungua, udongo una unga mweupe juu

Tazama ndani ya birika lako la chai. Kama lina gamba jeupe gumu, maji hayo hayo ndiyo unayomwagilia. Visima vingi vya kanda ya kati vina maji magumu au yenye chumvi, na kunyunyiza kidogo kidogo ndiyo njia ya uhakika ya kuirundika chumvi hiyo: maji yanapotea kwa jua, chumvi inabaki juu ya udongo. Ncha za majani hukauka na kuwa kahawia, kisha pembezoni, na kivumbasi hudumaa.

Kwangua ule unga wa juu na uutupe nje ya tuta. Punguza idadi ya siku za kumwagilia, lakini kila unapomwagilia mwaga ya kutosha ili chumvi isukumwe chini ya mizizi. Kama una paa la bati na simtanki, maji ya mvua uliyokinga yahifadhi kwa ajili ya miche michanga. Mishubiri, mkonge pori na waridi la jangwa huvumilia chumvi kiasi kuliko pentas. Ukiwa na kisima kibaya, ujaze tuta kwa hao watatu na usahau mengine.

Unarefuka, una kijani cha kupendeza, hautoi maua

Samadi. Mimea ya nyika imezoea udongo maskini, na ukiilisha inatumia nguvu zote kwenye majani. Kivumbasi kilichopandwa kwenye samadi ya ng'ombe hufika kifuani kwa msimu mmoja, kinalegea, na upepo wa Agosti unakilaza. Waridi la jangwa hutoa matawi marefu membamba na ua moja moja kwenye ncha. Acha kabisa kuweka mbolea kwa mwaka mzima, katia matawi Novemba kabla ya mvua, na hali itabadilika.

Sababu ya pili ni kivuli. "Tuta la jua" lililopimwa Januari linaweza kuwa la kivuli Juni, kwa kuwa jua huhama kuelekea kaskazini na kivuli cha nyumba hulalia upande wa kusini. Waridi la jangwa na mshubiri hutaka jua la moja kwa moja kwa muda wa saa sita au zaidi kila siku.

Sababu ya tatu ni umri tu. Mshubiri uliooteshwa kwa mbegu huchukua miaka kadhaa kabla ya kutoa ua la kwanza. Ukianza, chozi, wale ndege wadogo wenye mdomo uliopinda, watakujulisha mapema kuliko utakavyoona mwenyewe.

Mche umesimama vile vile tangu upandwe

Haufi wala haukui. Ushike shingoni, utikise. Ukicheza ardhini kama jino bovu, ung'oe uangalie mizizi. Mara nyingi utakuta imezunguka kwa umbo lile lile la kiriba, imesokotana, na haijagusa udongo mpya hata kidogo. Mche ulikaa kitaluni muda mrefu kuliko inavyofaa. Chana mizizi hiyo kwa kisu pande tatu kutoka juu hadi chini, ifumue kwa vidole, kisha upande upya, ikiwezekana mvua zikiwa zimeshika.

Unapokwenda kununua, geuza kiriba: mizizi minene ikiwa inatoka kwenye matundu ya chini, chukua mwingine, hata kama huu ni mrefu na unapendeza. Mche mfupi wenye mizizi myeupe iliyonyooka utaupita huu kabla ya masika ya pili.

Na kuna mche ambao hautakua kwa sababu uliibiwa. Mishubiri mikubwa inayolala barabarani bila kiriba, mizizi imekatwa, majani ya nje yana makovu ya mbuzi na moto, hiyo imeng'olewa porini. Spishi zote za mshubiri, isipokuwa Aloe vera, zimo kwenye viambatisho vya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe pori, na kung'oa mimea hifadhini ni kosa hapa hapa nchini. Mbali na sheria, mingi haishiki. Aloe secundiflora, yenye maua yaliyopangwa upande mmoja wa tawi, kwa kawaida huishi peke yake bila kutoa vichipukizi pembeni, hivyo huoteshwa kwa mbegu. Muuzaji mwaminifu atakuwa nayo midogo kwenye viriba. Aloe lateritia, ile yenye madoa kwenye majani na maua yaliyokusanyika juu kama mwavuli, mara nyingi hutoa vichipukizi; omba kimoja kwa jirani, kiache kidonda kikauke siku chache, panda.

Kiazi cha Gloriosa hakichomozi

Kiazi hiki kina umbo la herufi V, na jicho la kuchipua liko kwenye ncha. Ncha ikivunjika, kiazi kinabaki kizima, kinene, na hakitachipua kamwe. Kisafirishe kwenye maranda ya mbao, kilaze ubavu kwenye kina cha sentimita 8 hadi 10, na uweke kitu cha kukwea, kwani hushika kwa ncha za majani yake. Kikiwa kimepandwa Mei, usikichimbue kila wiki kukitazama. Kitaamka na mvua. Mmea mzima una sumu kali, na viazi vyake hufanana vya kutosha na vile vya kuliwa hadi kumdanganya mtoto. Nyumba yenye watoto wadogo wachimbaji, mimi ningeuacha.

Kitu kinakula tuta

Mchwa kwanza, maana huu ni mji wao. Wanakuja kwa ajili ya vitu vikavu, na matandazo ya nyasi kavu uliyoweka kuhifadhi unyevu ni karamu. Wakimaliza nyasi, wanahamia kwenye mashina yaliyodhoofika. Kwenye tuta kavu la jua tumia changarawe badala ya nyasi, unene wa sentimita tatu hadi tano: inazuia udongo kufanya ukoko, inahifadhi unyevu, na shingo za mishubiri zinabaki kavu.

Mbuzi wa jirani hawali mkonge pori kwa hamu, wala mshubiri uliokomaa kwa sababu ya uchungu wake, lakini pentas wataimaliza kwa dakika chache. Uzio wa minyaa ni wa kale na unafanya kazi, pia unavunja upepo. Utomvu wake ukiingia jichoni ni hatari, kwa hiyo anayekatia avae miwani, na uzio ukae mbali kidogo na tuta kwa kuwa mizizi yake inanyang'anya maji.

Unga mweupe kama pamba kwenye makwapa ya majani ni vidung'ata. Futa kwa kitambaa chenye spiriti, rudia baada ya wiki, na fuatilia sisimizi, maana wao ndio wanaowalinda. Uvimbe wa ajabu kama koliflawa kwenye shina la ua la mshubiri au shinani mwa majani ni kazi ya utitiri mdogo usioonekana kwa macho. Hapo usipulize dawa ukategemea muujiza: kata sehemu yote, choma moto, safisha kisu, na usiitupe kwenye shimo la mboji. Vidoa vyeusi vya duara vyenye ukingo wa kahawia ni kutu. Vibaya kwa macho, mara chache vinaua. Acha kulowesha majani.

Tuta limekuwa jangwa kila Septemba

Hakuna mgonjwa hapa, ulichagua vibaya. Ukijaza tuta kwa mimea inayolala, utakuwa na miezi minne ya sherehe na minane ya vigingi. Mimi huanza na ile isiyoondoka: mkonge pori na mishubiri, ikichukua zaidi ya nusu ya nafasi. Mkonge pori ninaomaanisha ni Sansevieria, ambayo siku hizi wataalamu wameihamishia kwenye jenasi ya Dracaena. Mmoja wapo, oldupai kwa Kimaasai, ndio uliolipa Bonde la Olduvai jina lake, na ukiona ulivyotapakaa kwenye yale mawe hutauliza tena kama utaiweza Septemba ya Dodoma. Usiuchanganye na mkonge wa mashambani, ambao ni wa Mexico na uliletwa na Wajerumani mwaka 1893. Bogavilia nayo si ya asili, ni ya Brazili, ingawa inastahimili.

Kati ya hiyo weka kivumbasi kimoja au viwili, karibu na dirisha kwa sababu ya harufu yake na mbu, na uvikatie kila Novemba. Nyasi za asili kama Cenchrus ciliaris zijaze mapengo. Hata zikikauka zinabaki zimesimama na masuke yake yanacheza na upepo, na hushikilia udongo. Gloriosa na Scadoxus zipandwe chini ya miguu ya hao, ili zikilala pasionekane uwazi.

Panda vyote baada ya mvua za kwanza kulowesha ardhi hadi urefu wa kiganja, kwa kawaida Desemba, si baada ya manyunyu ya kwanza ya Novemba ambayo hudanganya. Mvua mara nyingi hukata wiki kadhaa katikati ya msimu, hasa Februari. Hapo ndipo miche michanga inapohitaji ndoo yako kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Samadi au udongo ulionunua kutoka Arusha au Kilimanjaro ukague wiki za mwanzo: gugu karoti husafiri humo, huchipua na mvua, majani yake yamechanika kama ya karoti, na linawasha ngozi. Ling'oe kwa glavu kabla halijatoa maua meupe.